Dimu, Hafifu na Utusitusi: Semantiki ya Mwanga Uliopunguzwa

Jua linapokuchwa, dereva atokaye Posta kuelekea Kariakoo huwasha dimu. Neno hili la barabarani hukemewa kuwa ni uchafuzi wa lugha, na wahariri hupenda kuliondoa na kuweka "taa hafifu". Makala hii inadai kwamba badiliko hilo linaharibu maana.

Neno la Kiingereza "dim" ni la ukoo wa Kijerumaniki: Kiingereza cha Kale kilikuwa na "dimm", nacho Kinorsi cha Kale "dimmr". Leo ni kivumishi na kitenzi pia, na husemwa hata kwa mtu mzito wa kuelewa. Utohoaji wake ni wa kawaida. Baada ya konsonanti ya midomo huongezwa irabu u, kama katika timu, filamu na albamu. (Kariakoo lenyewe, kutoka "Carrier Corps", halikuhitaji nyongeza, kwani konsonanti za mwisho za "Corps" hazitamkwi.)

Kiswahili hugawa uwanja huu kwa namna yake. Machweo, kutokana na -chwa, ni tukio la jua. Magharibi, lenye mzizi wa Kiarabu gh-r-b, ni wakati, upande wa dunia na sala kwa pamoja. Utusitusi ni hali ya kutoona sawasawa, iwe alfajiri au chini ya mwembe. Kitenzi -fifia kinahusu mwanga unaopungua wenyewe. Katika maneno yote haya hamna mtu aliyekusudia kupunguza mwanga.

Hafifu ndilo lenye hatari zaidi. Kiarabu "khafif" ni kitu chepesi, lakini Kiswahili kimelisogeza kwenye udhaifu: kitambaa hafifu hakidumu, hoja hafifu haisimami. Basi "gari lenye taa hafifu" ni gari bovu, ilhali lenye dimu lina taa nzima, iliyopunguzwa makusudi ili isimtie kiwi dereva ajaye. Katika mwongozo wa udereva, hiyo ni tofauti kati ya kosa na utii.

Kwa maoni yangu, dimu liingizwe kamusini, ngeli ya I-/ZI-. Asiyelitaka aandike "taa zilizopunguzwa mwanga", maana kauli ya kutendwa humhifadhi mtenda. Tatizo ni kwamba hicho ni kirai kirefu, na utingo anayempigia dereva kelele hana nafasi ya kirai.