Milio ya saa ya mkono inayojijaza

Milio ya saa ya mkono inayojijaza ni sauti zinazotoka ndani ya saa ya mitambo ambayo springi yake hukazwa na mwendo wa mkono wa mvaaji, bila betri. Baadhi ya sauti hizo ni za kawaida na nyingine ni dalili ya hitilafu. Saa za kifahari za aina hii ni ghali kutengenezwa, na kipande kilicholegea kinaweza kusaga vipande vingine huku saa ikiendelea kuonyesha majira sawasawa. Mara nyingi sikio hutambua tatizo kabla ya jicho.

Asili ya sauti

Sauti hutoka hasa sehemu mbili. Ya kwanza ni gurudumu la mizani, ambalo huyumba huku na huku likisaidiwa na springi nyembamba kama unywele. Kila linapopita katikati, uma mdogo huachia jino moja la gurudumu la jirani, na hapo ndipo mlio wa "tik" unaposikika. Mtambo wa ETA 2824-2 kutoka Uswisi, uliotumika katika saa za kampuni nyingi, hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kwa sekunde. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000, na mtambo wa El Primero wa Zenith, uliotolewa mwaka 1969, hupiga mara 36,000. Mtu aliyezoea saa ya kwatzi, ambayo mshale wake huruka mara moja kwa sekunde, anaweza kudhani kwamba saa yake mpya inakimbia. Haikimbii, ndivyo ilivyoundwa.

Sehemu ya pili ni rota, kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika na hivyo kukaza springi kuu. Aina ya rota hubadilisha sauti kabisa. Mwingereza John Harwood, aliyepata hataza ya saa yake huko Uswisi mwaka 1924, alitumia uzito usiozunguka duara zima, bali unaogonga springi ndogo kila upande. Saa za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950, na mvaaji huhisi kila pigo kwenye kiwiko cha mkono. Anayezinunua leo asishtuke. Rolex ilileta rota inayozunguka duara zima mwaka 1931, na Eterna ikaiweka juu ya beringi za gololi mwaka 1948. Beringi hizo hutoa mvumo mwembamba mahali pakimya.

Mfano unaowasumbua wengi ni mtambo wa Valjoux 7750 wa miaka ya 1970, ambao bado hupatikana katika saa nyingi za kupimia muda. Rota yake hukaza springi ikizunguka upande mmoja tu. Ikielekea upande wa pili haina mzigo, hivyo huzunguka kwa kasi, huvuma, na saa nzima hutetemeka mkononi. Wauzaji wachache huwaeleza wateja jambo hili, na saa nzima zimepelekwa kwa mafundi bila sababu.

Sauti nyingine isiyo na madhara husikika saa inapojazwa kwa mkono hadi mwisho. Springi kuu ya saa inayojijaza haifungwi kabisa kwenye ukuta wa kopo lake, bali ncha yake huteleza ikijaa ili isikatike. Mtelezo huo huweza kutoa mwaliko hafifu.

Sauti za hitilafu

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma saa inapogeuzwa ndio wa kuogopwa zaidi. Kwa kawaida maana yake ni kwamba skrubu ya rota imelegea, au ekseli yake imelika, na ukingo wa rota unagusa mfuniko wa nyuma. Unga wa chuma unaotokana na msuguano huo huingia kwenye mafuta na kuharibu gia. Saa hiyo ivuliwe, isivaliwe mpaka fundi aione.

Mlio wa kitu kidogo kinachorukaruka kama kokoto kwenye kopo huashiria skrubu iliyotoka kabisa. Ikinaswa kwenye gurudumu la mizani, saa husimama ghafla.

Iwapo rota inazunguka mbio wakati kichwa cha kujazia kinapokazwa kwa vidole, magurudumu ya kugeuzia mwendo yamekauka au yana uchafu. Hili hutokea hata katika mitambo mizuri kama 2824-2 iliyotajwa. Afadhali kuacha kuijaza kwa mkono hadi itiwe mafuta.

Mapigo yanayofanana na farasi anayekwenda mbio huonyesha kwamba gurudumu la mizani linayumba kupita kiasi. Likiwa na afya hufika takriban nyuzi 270 hadi 310. Likikaribia duara zima hugonga uma kwa nyuma, na saa hutangulia sana. Chanzo huweza kuwa springi kuu yenye nguvu kupita kipimo.

Namna ya kuchunguza

Kabla ya kuilaumu saa yenyewe, mkufu uchunguzwe: kifungo chake na pini zinazoushikilia ndizo huleta njuga nyingi. Njia rahisi ni kuubana mkufu kwa kitambaa, kisha kuigeuza saa polepole karibu na sikio katika chumba kimya, kioo kikiwa juu, kikiwa chini, na kichwa cha kujazia kikielekezwa pande zote. Sauti ikifuata mzunguko, inatoka kwenye rota. Ikiendelea saa ikiwa imetulia, inatoka kwenye mapigo.

Fundi saa hutumia kifaa chenye maikrofoni kinachosikiliza kila pigo na kuchora mstari. Mistari miwili iliyo mbali huonyesha kwamba "tik" na "tak" hazina nafasi sawa. Kufungua mfuniko nyumbani hakushauriwi, kwani vumbi huingia na mpira wa kuzuia maji huweza kukaa vibaya, na saa iliyokuwa na skrubu moja tu iliyolegea ikapata na kutu.