Kayaki ya Kwenda Nayo Porini

Sehemu za juu za mto Noatak, kaskazini mwa Alaska, hazina barabara. Anayetaka kuuteremka mto huo kwa kafi hupelekwa na ndege ndogo inayotua majini, na kayaki ngumu ya mita 5 haiingii humo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayeuliza anunue kayaki gani ni hili: utafika nayo vipi?

Ukifika kwa gari au boti, chukua ya plastiki. Nyingi hutengenezwa kama matangi yetu ya maji: unga wa polietilini hutiwa kwenye kalibu, kisha kalibu huzungushwa ndani ya tanuri hadi unga uyeyuke na kutanda pande zote. Hutoka ganda moja lisilo na kiungo. Likigonga jabali hubonyea badala ya kupasuka, na ukiliburuta juu ya kokoto linachunika tu. Ni zito, kilo 25 hadi 30, na jua kali la miaka huifanya plastiki ikauke na kukatika.

Ila kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Polietilini haishikani na gundi za kawaida. Ikipata ufa, dawa yake ya kudumu ni kuichomelea kwa joto, na hilo ni gumu kando ya mto, siku nyingi kutoka kwa fundi. Kayaki ya faiba hupasuka upesi zaidi kwenye mwamba, lakini kitambaa chake na resini hukaa kwenye kopo dogo. Kiraka kikikauka vizuri unaendelea na safari. Kwenye baridi, resini hukawia sana kukauka, hivyo tenga siku ya kungoja.

Kwa safari ya ndege, mimi nachagua kayaki ya kukunja: mifupa ya mbao au alumini iliyovikwa ngozi ya turubai na mpira. Watu huidharau kwa sababu inafungashwa kwenye mikoba. Lakini mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki kwa kayaki ya kukunja ya kampuni ya Klepper, kutoka visiwa vya Canary hadi Karibi, kwa siku 72. Alipinduka njiani, akaigeuza, akaendelea. Ngozi ikitoboka hubandikwa kiraka. Ubao ukivunjika hufungwa gango kwa fimbo na kamba.

Ukichagua kayaki ngumu, kagua kuta za ndani zinazotenga vyumba vya mizigo, maana ndizo huizuia kayaki kuzama ikijaa maji. Kwenye nyingi za plastiki kuta hizo ni sponji ngumu iliyobandikwa, nayo huachia. Mimina maji katika kila chumba uone kama yanavuja kwenda cha pili. Kisha tazama waya za usukani, na ubebe wa akiba.