Mtama ulipoacha kupukutika

Mtama pori haumngoji mtu. Suke lake likikomaa, pale punje inaposhikana na kijiti chake hujengeka tabaka jembamba la seli dhaifu. Upepo ukivuma au ndege akitua, punje inakatika na kuanguka chini. Kwa nyasi ya porini huo ndio uzima wake, maana mbegu isiyoanguka haioti. Mtama wa shambani umekwenda kinyume. Utaukuta umekauka juu ya bua, punje zote zimeng'ang'ania suke, mpaka mtu aje akate, aanike na kupura kwa fimbo. Asipokuja mtu, kizazi chake kimo mashakani. Tofauti hiyo ndiyo wataalamu wa mimea ya kale wanayoitafuta kwanza wanapouliza nafaka fulani ilianza kulimwa wapi na lini.

Kwa mtama, jibu la zamani zaidi tulilonalo limetoka mashariki mwa Sudan, kwenye makazi ya kale ambayo wanaakiolojia wameyapa jina la KG23, katika eneo la Khashm el-Girba, si mbali na mji wa Kassala. Watu walioishi hapo kati ya mwaka 3500 na 3000 KK walikuwa wafinyanzi. Walichanganya udongo wao na makapi ya nafaka ili chungu kisipasuke kikichomwa. Motoni makapi yaliungua yakaisha, lakini alama zake zilibaki ndani ya vigae. Watafiti, akiwamo Dorian Fuller wa chuo kikuu cha UCL, London, walijaza vitundu hivyo mpira laini, wakautoa ukiwa na umbo kamili la kapi, kisha wakautazama kwa hadubini ya elektroni. Punje iliyodondoka yenyewe huacha kovu laini. Iliyopurwa kwa nguvu huacha kovu lililochanika, na mara nyingine hutoka na kipande cha kijiti. Katika vigae vya KG23 yamo makovu ya aina zote mbili, ya pori na ya shamba, ndani ya ufinyanzi wa watu walewale. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017, na kwangu uzito wake uko kwenye mchanganyiko huo: mtama umenaswa ukiwa katikati ya safari.

Nani aliuanzisha kwenye safari hiyo? Tumezoea kumfikiria babu mmoja mwenye akili aliyeona mbegu nzuri akaipanda. Mimi nadhani tuangalie zaidi mikono ya wavunaji. Katika ukanda wa Saheli watu wamevuna nyasi za porini kwa kupitisha kikapu juu ya masuke na kuyapiga, punje zikidondokea ndani. Vuna hivyo miaka elfu na mmea hautabadilika, kwa sababu kinachoingia kikapuni ni kile kinachopukutika kwa urahisi, na punje ngumu kutoka zinabaki porini. Lakini kata suke zima, kwa mundu au kwa kisu, na hesabu inageuka. Punje nyepesi kudondoka zinapotea njiani. Zile zenye kasoro, zilizokataa kukatika, ndizo zinazofika nyumbani. Sehemu yake ikihifadhiwa na kupandwa kwenye ardhi mpya, mbali na pale zilipopukutika zile nyingine, kasoro inaongezeka mwaka hadi mwaka. Mvunaji hahitaji kuikusudia.

Mwaka 1990 Gordon Hillman na Stuart Davies walipiga hesabu kwa ngano na shayiri za pori, wakaona kwamba kwa uvunaji wa namna hiyo badiliko lingeweza kukamilika ndani ya miaka 200, pengine hata 20. Masalia ya Mashariki ya Kati yamesema vingine: lilichukua zaidi ya miaka elfu. Watu walikuwa wanalima mmea ambao bado ulikuwa wa pori. Kilimo kilitangulia, zao la shambani likafuata polepole.

Mtama ulikuwa na kizuizi cha ziada. Chavua ya mtama pori ulioota pembeni ya shamba huingia kwenye masuke ya mkulima, na tabia ya kupukutika inarudi. Hata hivyo watu walishinda, na si mara moja. Mwaka 2012 wanajenetiki walionyesha kwamba jeni iitwayo Sh1, inayoongoza upukutikaji, imeharibika kwa njia tatu tofauti katika aina mbalimbali za mtama. Maana yake, kuna wakulima wa mahali tofauti waliookota kasoro tofauti zenye matokeo yaleyale. Katika milenia ya pili KK mtama ulikwisha kuvuka bahari ukalimwa India. Huku kwetu ulichelewa: kwenye mwamba wa Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde zina umri wa miaka 2300, ilhali mtama umeonekana hapo kuanzia kama miaka 1000 iliyopita.

Mchanganyiko ule wa vigaeni haujakwisha. Katika mashamba ya Sudan, Ethiopia na Kenya machotara wa mtama pori huota katikati ya mazao. Akiwa mchanga ni vigumu kumtofautisha, na akikomaa anamwaga mbegu kabla ya mavuno na kuchafua shamba la msimu ujao. Mkulima ana haki ya kumng'oa. Ila nchi zetu zisifurahie kuona mtama pori ukitoweka kwenye kingo za mito, kwa sababu katika eneo hilihili la asili yake ndiko mtama ulikopambana kwa muda mrefu na adui zake. Kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mtama, ni Mwafrika vilevile. Mtafiti wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, alipotafuta mtama unaolihimili, alikuta baadhi ya aina hazitoi kwa wingi kemikali ambayo mbegu ya kiduha huisubiri ardhini ili iamke. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana mbegu za Hakika na Wahi, zilizofika kwa wakulima wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Ejeta akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009.