Bei ya Dukani na Fungu la Mtunzi: Kaseti za Taarab Mombasa

Sisi wanafunzi wa fasihi huzijadili vina na mizani za nyimbo za taarab, lakini ni nadra kujadili bei yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi bei hiyo inavyomfikia mtunzi wa shairi.

Mjini Mombasa, duka na kampuni ya kurekodi aghalabu vilikuwa kitu kimoja. Assanand & Sons walitoa santuri kwa nembo ya Mzuri; katika enzi ya kaseti, Mbwana Radio Service walirekodi na kuuza wenyewe. Lakini mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili bila kumlipa yeyote, na bei ikabanwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaseti inauzwa shilingi 100. Kaseti tupu, jalada na faida ya muuzaji vyachukua 70. Zabaki 30 za studio, wapigaji, mwimbaji na mtunzi. Bei ikiteremshwa hadi 80, gharama ya kaseti tupu na jalada haiteremki, wala muuzaji hakubali kupunguziwa. Zabaki 10. Mnunuzi amepunguziwa asilimia 20. Wasanii wamepoteza thuluthi mbili. Kampuni yenye kaseti nyingi hufidia hasara ya hii kwa faida ya ile. Msanii anayejitegemea ana kaseti yake moja tu, na tegemeo lake ni arusi.

Shinikizo hili si la Pwani pekee. Nchini Marekani, mwaka 2004, Walmart ilizitaka kampuni za muziki ziteremshe bei ili iuze sidii chini ya dola 10. Duka kubwa laweza kuuza muziki kwa hasara, mradi mteja akiingia anunue na televisheni. Muziki umekuwa chambo. Vibanda vya simu katika mitaa kama Kiembeni navyo viliujua mtindo huo kwa kipimo chao: nunua memori kadi, ujaziwe nyimbo.

Kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* (1971), ndiye aliyemtungia binamu yake Juma Bhalo nyimbo nyingi. Diwani ina jina la mtunzi jaladani. Kanda iliyonakiliwa kibandani mara nyingi haina hata la mwimbaji.

Leo mizani imehamia kwenye simu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaligawa mapato ya nyimbo anazozisikia mpiga simu kabla ya kupokelewa: asilimia 39.5 kwa kampuni ya simu, 8.5 kwa wakala, na isiyopungua 52 kwa msanii au mwenye hakimiliki. Ni hatua njema, nami naipongeza. Hata hivyo, fungu hilo la 52 halikugawanywa zaidi. Mwimbaji ampe mtunzi kiasi gani, hilo limeachiwa mapatano yao wawili.