Usaha Kwenye Mfupa Uliotiwa Chuma

Katika kukagua vitabu vya vyama vya msingi, nimeona mara kwa mara mkopo wa dharura uliotolewa kwa mwanachama aliyevunjika mguu, kisha mkopo wa pili na wa tatu kwa mguu ule ule. Makatibu huuliza kwa nini mfupa uliokwisha kutiwa chuma hospitalini unaendelea kula fedha. Sababu mojawapo ni vijidudu vilivyoingia penye chuma.

Chuma hakipitiwi na damu. Vijidudu, hasa wale waitwao stafilokoka, wakishakishika hujijengea utando wa ute na kujificha ndani yake, wala dawa haiwafikii kwa nguvu ya kutosha. Ndiyo maana mgonjwa humeza vidonge, jeraha likakauka, na baada ya miezi tundu likafunguka tena na kutoa usaha.

Tiba ni upasuaji pamoja na dawa. Daktari hufungua, huosha, huondoa nyama na mfupa uliokufa, na kuchukua vipande kadhaa kutoka ndani kwa ajili ya maabara. Usaha uliopanguswa juu ya ngozi hudanganya. Hapa ndipo wengi hujiharibia: vidonge vilivyonunuliwa dukani kabla ya vipimo huweza kuwaficha vijidudu, na maabara isione kitu.

Je, ni lazima chuma kitolewe? La. Ikiwa ugonjwa umegunduliwa katika majuma ya kwanza na chuma kingali imara, huweza kubakizwa, kwa kuwa mfupa unaochezacheza hauungi vyema na vijidudu hustawi hapo. Dawa huendelea kwa kawaida majuma 12. Chuma kilicholegea huondolewa, na mfupa hushikwa kwa vyuma vya nje au kwa chuma kipya. Rifampisini, ile ile ya kifua kikuu, huwashambulia vizuri stafilokoka waliomo katika utando, lakini haitolewi peke yake, maana vijidudu huizoea upesi.

Basi kamati inapopima ombi la mkopo, ihesabu kwa pamoja upasuaji, dawa za majuma hayo yote na nauli za kurudi kliniki. Naye mwanachama anayeona wekundu, uvimbe, joto au majimaji kwenye kovu, aende mara moja hospitali alikotiwa chuma, akichukua picha zake za eksirei na karatasi ya upasuaji.