Ukumbi wa Kaloleni Wataka Mtetezi

Mtaa wa Kaloleni, mashariki ya Nairobi, ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanya kazi Waafrika. Kabla ya hapo Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mji, mtu wa kurudi kwao kazi ikiisha. Kaloleni ilikuwa habari nyingine. Nyumba zake za mawe zilipangwa kuzunguka viwanja vya majani, ili mtu akae na mkewe na watoto wake, na katikati ya mtaa ukawekwa ukumbi wa mikutano.

Ukumbi huo haukukaa kimya. Tarehe 23 Aprili, 1950, wiki chache tu baada ya Nairobi kutangazwa kuwa jiji, wafuasi wa K.A.U. walikutana humo na wenzao wa Indian National Congress ya Afrika Mashariki. Bw. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alisimama akadai nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Tarehe 15 Mei alikamatwa, yeye na Bw. Fred Kubai, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma. Bw. Singh hakupata kuachiliwa mpaka Oktoba, 1961.

Jengo lenye habari kama hiyo likibomolewa, halirudi. Kitabu chaweza kusimulia yaliyonenwa, lakini hakiwezi kumwonyesha mtoto mahali yaliponenwa.

Sheria Yasemaje?

Mapenzi peke yake hayazuii nyundo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi, ya mwaka 2006, yampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la ukumbusho, kwa ilani katika Gazeti la Serikali. Tena Katiba ya mwaka 2010 iliigawa kazi: kumbukumbu zenye maana kwa taifa zima ni juu ya Serikali Kuu, na shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho za mahali ni juu ya kaunti. Hatari ya mgawanyo huo ni dhahiri. Mzigo wa wawili, kila mmoja humngojea mwenzake auinue.

Hapo ndipo aingiapo mwakilishi wa wadi, ambaye zamani aliitwa diwani. Yeye ndiye awezaye kuuliza barazani kama jina la jengo limo katika Gazeti. Likiwamo, adai lilindwe. Lisipokuwamo, apeleke ombi. Wenye mtaa nao wana haki ya kupeleka maombi yao kwa Baraza la Kaunti chini ya sheria ya mwaka 2012. Mwakilishi hana haja ya kungoja matingatinga yafike ndipo apige kelele.

Kumbukumbu na Makao

Wako wasemao kwamba watu wa Nairobi, waliozidi milioni nne katika hesabu ya mwaka 2019, wataka nyumba, maji na vyoo, wala si kuta kuukuu. Neno hilo si la kudharauliwa. Si haki kumwambia mama anayelala na watoto watano chumba kimoja astahimili kwa ajili ya historia. Lakini kuhifadhi ukumbi mmoja si kuzuia maghorofa. Mchora ramani akiambiwa mapema, atauacha ukumbi na kiwanja chake, na kujenga kando. Akiambiwa baada ya mikataba kutiwa sahihi, ataona amecheleweshwa.

Wala jengo la kale si lazima liwe kaburi. Mwaka 2018 chama cha Book Bunk kilipatana na Kaunti ya Nairobi kutengeneza maktaba tatu: ile ya McMillan mjini, na zile za Kaloleni na Makadara. Jengo lenye kazi lina walinzi wengi, maana wanaolitumia hawatakubali liondoke.

Mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo ilipewa jina la Bw. Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Watu wengi waishio humo hawakumwona, ila jina lake wanalitaja kila siku. Mwakilishi wa leo atakaye kukumbukwa na aanze kwa swali fupi barazani: ukumbi wa Kaloleni unalindwa na nani, na kwa hati gani?