Je, Wajua? Vitundu vidogo hunasa sumu kubwa

Makala ya kupikia bugali jijini Bukavu yamejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Makala yakitengenezwa kiwandani kwa joto kali na mvuke, vitundu huongezeka: kuta zake katika gramu 1 tu, zikitandazwa, hufunika zaidi ya meta za mraba 500. Uchafu unaopita hapo hunata kwenye kuta hizo.

Udongo wa aina fulani nao una uwezo huo. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Baadaye watafiti walijaribu huko udongo maalumu uliosafishwa, uitwao montmorilonaiti. Tabaka zake huinasa sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu, kisha hutoka nayo chooni.

Mwaka 2025, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuunda fuwele za metali na kaboni zenye vyumba vitupu ndani. Gramu chache za baadhi yake zina kuta za ndani zenye eneo kama la uwanja wa mpira. Nyingine hung'aa, na mwanga wake hubadilika zinaponasa sumu, hivyo zaweza kuigundua kwenye chakula.

Tahadhari: usile makala ya jikoni wala udongo wa shambani. Kinga ya nyumbani ni kukausha vizuri mahindi na karanga, kuyahifadhi pasipo unyevu, na kutupa yaliyoota ukungu. Kupika hakumalizi sumukuvu.